Mama wa Vingt-Quatre

Mara ya kwanza kusikia mwanangu akisemwa vibaya kwa Kiswahili, nilikuwa nimekaa nyuma ya wasemaji wenyewe, nao hawakujua mimi ni nani.

Ilikuwa Jumapili ya manyunyu, kwenye uwanja mmoja ukingoni mwa Brussels. Mchezo wenyewe si mpira tunaoujua sisi. Ni ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambapo mmoja anarusha mpira kwa mkono na mwenzake anakimbia kwenda kuudaka. Watazamaji tulikuwa wachache: wazazi, wachumba, mbwa wawili, na wanaume hao wawili walioketi mbele yangu na kubishana kwa sauti kubwa, wakiamini hakuna anayewaelewa.

"Uyu vingt-quatre," alisema mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, "anamuachilia muntu mbali sana. Leo atamukimbia."

"Umbali si tatizo, mzee," alijibu mwenzake, kijana kidogo, koti lake limepigwa pasi. "Tatizo ni kiuno. Anakigeuza mapema. Mpokeaji akijifanya anaenda ndani, huyu kona wako ameshafungua mlango wote."

Vingt-quatre, ishirini na nne, ilikuwa namba ya mwanangu. Niliiona alfajiri ile mgongoni mwa jezi iliyokuwa ikikauka bafuni. Na neno kona lilinipoteza kabisa. Nilidhani wanasema mpira wa kona, nikawa natafuta kibendera.

Mwanangu hakujua kwamba niko pale. Miaka miwili kabla, baba yake alirudi Bukavu kumzika mama yake mzazi. Alituambia ni kwa wiki chache. Mwisho tukasikia kwa watu kwamba amepata mke kule na amejenga. Mimi nililia, nikanyamaza, nikaendelea na kazi yangu ya kuwatunza wazee katika nyumba moja ya Woluwe-Saint-Lambert. Mtoto yeye hakulia. Aliacha tu kuongea. Alikuwa anaingia kwetu Saint-Josse, anakula, anaosha sahani yake, anafunga mlango wa chumba. Siku moja nilimwona na mfuko mkubwa begani, nikamuuliza ni wa nini.

"Ni sport tu, maman."

"Sport gani?"

"Hauijue."

Kazini nilikuwa nashika zamu karibu kila Jumapili. Ile ya manyunyu nilibadilishana na mwenzangu, nikasoma anwani ya uwanja kwenye karatasi ya timu iliyokuwa juu ya mfuko wake, nikamfuata mtoto wangu kwa basi linalofuata, na chai yangu kwenye chupa.

Kipindi cha mapumziko nilishindwa kuvumilia. Nikainama mbele, nikawauliza wale wawili kwa Kiswahili, "Samahani, ule wa pembeni kazi yake ni nini?"

Waligeuka wote kwa pamoja. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ee maman! Kumbe tuko na muntu wetu nyuma!" Wakanisogezea nafasi kwenye benchi, nikawamiminia chai.

Mzee alikuwa mtu wa Goma. Aliishi Marekani miaka mingi kama mkimbizi kabla ya kumfuata mke wake Ubelgiji, na mchezo ule aliubeba kutoka kule pamoja na koti zito la baridi. Yule mwingine alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ofisi fulani upande wa Etterbeek, mwenye mkataba wa muda. Mke na watoto aliwaacha Nakuru. Aliniambia hayo yote kabla hata sijauliza, na kutokana na jinsi alivyoyasema nilijua ya kwamba wiki nzima hakupata wa kumwambia.

Walinifundisha. Kona ni beki wa pembeni kabisa. Mbele yake anasimama mpokeaji, na popote mpokeaji anapokimbilia, beki anakwenda naye ili asidake pasi. Ugumu ni kwamba mpokeaji anajua anakokwenda, beki hajui. Na beki anaanza kwa kukimbia kinyumenyume.

"Na akikosea?" niliuliza.

"Akikosea kila mtu anaona," alisema Mkenya. "Wengine wakikosea wanafichwa na rundo la watu. Yeye yuko kule nje peke yake."

Nikaanza kubadilishana zamu kila Jumapili ya mechi, nikikaa nao benchini, na juu ya namna ya kukaba hawakupatana hata siku moja. Mzee alitaka beki amsimamie mpokeaji puani, ampige kifuani kwa mikono mara tu mchezo unapoanza, amharibie hatua. "Umushike pale pale! Ukimuachia akimbie, utamupatia wapi?" Mkenya alitaka beki akae nyuma hatua kadhaa, amsome mtu wake, ndipo aende. "Ukimkosa na mikono hapo mbele, mzee, game imeisha. Hakuna mtu nyuma yako." Wakati mwingine walinitaka niamue, nami nilikuwa naangalia tu kama mtoto wangu ameinuka baada ya kuanguka.

Sikuwaambia yule ni nani wangu. Mwanzoni niliona haya. Baadaye niliogopa kwamba wakijua wataanza kumsifu kwa adabu, nami nitapoteza kitu. Nyumbani sikuwa na habari yoyote ya mwanangu. Pale benchini nilikuwa naipata yote: leo miguu yake ni mizito, leo amekasirika, leo amemsikiliza kocha, tazama jinsi alivyomwinua mwenzake.

Jioni moja tulikuwa mezani, bugali na visamaki vya sambaza, kila mtu na kimya chake. Nikamuuliza bila kumtazama, "Juu ya nini unageuzaka kiuno mbio mbio vile?"

Aliacha kutafuna. "Nani alikuambia hiyo?"

"Niliona."

"Uliona wapi?"

"Pale uwanjani. Ninakuyaka kukuangalia."

Nilingoja akasirike. Badala yake akasukuma kiti, akasimama kwenye ule upenyo kati ya friji na mlango, akakunja magoti. "Kuya, maman. Wewe ni mpokeaji. Ukimbie, ujaribu kunipita."

"Na hii kitenge?"

"Na hiyo kitenge."

Nikakimbia na ndara zangu. Alirudi kinyumenyume kwa vidole vya miguu, mwepesi, mgongo umenyooka, macho ameyashusha kwenye tumbo langu. Nikajifanya naenda kwenye sinki, nikageukia mlango. Alikuwa ameshafika.

"Ulijuaje?"

Akanigusa hapa, juu ya fundo la kitenge. "Macho inadanganya, maman. Kichwa inadanganya, mabega inadanganya. Kitovu haidanganyake. Kwenye kitovu inaenda, muntu anaenda." Kisha akaongeza, polepole, "Lakini ni vrai, ulisema kweli. Ninageukaka mbele ya wakati. Ninaogopa atanipita."

Tulirudia mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Mwanangu akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba jino lake moja la mbele limempanda mwenzake, na kwamba linaonekana akicheka tu.

Msimu ulikaribia kwisha. Siku ya mechi kubwa ya mwisho watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na timu yetu ilikuwa inaongoza kwa kidogo. Dakika za mwisho kabisa, wapinzani wakarusha mpira mrefu upande wa mwanangu. Nilimwona akikimbia vizuri, bega kwa bega na mtu wake, na kisha, sijui nini, yule mtu akawa mbele yake, mpira ukamwangukia mikononi, akaenda nao mpaka mwisho wa uwanja. Upande wa pili wakalipuka kwa kelele. Mwanangu alibaki amepiga magoti kwenye majani.

Mzee wa Goma alisimama. "Aaa! Uyu mutoto hana mwenye kumufundisha!"

"Papa, kaa chini," nilisema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Ule mwenzake wa nyuma alikuwa wapi? Vingt-quatre alikuwa anamusukuma ule muntu kwenye musaada. Musaada haikukuya!"

"Mama, hapana," Mkenya aliingilia kwa upole. "Mchezo ule kila mtu alikuwa na mtu wake. Hakukuwa na msaada nyuma. Ni yeye."

"Unajua namna gani? Uliingia kichwani yake?"

"Na wewe unajuaje?"

"Ni mutoto wangu. Nilimuzaa."

Mzee akaketi, akavua kofia yake ya sufi, akaishika magotini. "Maman," alisema baadaye, "siku hizi zote tunamutukana mutoto mbele yako, na hausemi?"

"Hamukumutukana. Mulikuwa munamuangalia. Watu benye banamuangalia vile habako wengi."

Mkenya alichukua chupa yangu, akanimiminia chai yangu mwenyewe, akanipa.

Nilimngoja mwanangu getini. Alitoka wa mwisho, nywele mbichi, mfuko begani. Kwenye basi tulikaa pamoja. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa la mwenzake wa nyuma, kwamba nimewaambia watu hivyo na nimewanyamazisha. Alitikisa kichwa.

"Hapana, maman. Ni miye. Niliangalia mpira. Kidogo tu, niliangalia mpira, nikapoteza muntu."

Kwa hiyo Mkenya alisema kweli. Sikujali. Mwanangu aliegemeza kichwa begani kwangu, akalala mpaka karibu na Saint-Josse, na bega likafa ganzi na sikulisogeza.

Mwisho wa kiangazi alipata timu Ujerumani, mji mdogo usiojulikana sana, walimpa chumba na kazi ya nusu siku. Nilimfungia pilipili na unga wa muhogo. Mlangoni aliniambia, "Usikuye kwa gare ya train, utalia," na mimi sikwenda, nikalia jikoni.

Baada ya hapo nyumba ikawa na sauti ambazo sikuwahi kuzisikia. Friji inakoroma. Bomba la jirani linagonga. Nilizoea kupika kwa wawili, na kwa wiki nyingi nilikula jana yangu leo. Kila nilipompigia simu nilikuwa na swali tayari, kwa sababu bila swali mazungumzo yetu yanakufa haraka: Wanakabaje kule? Kocha anapenda mkae mbele au nyuma? Umeacha kugeuka mapema? Alikuwa ananijibu, kifupi, vizuri. Nami nilikuwa nakaa na simu baadaye nikitafuta picha za timu yake, nikikuza nyuso zilizofichwa na kofia, nisimwone.

Mkenya naye mkataba wake uliisha. Alikuja kuniaga kazini kwangu, akasimama mapokezi na koti lake lililonyooka, akanipa pakiti ya majani ya chai ya kwao. "Mama, nimechoka kuwaona watoto kwenye simu," alisema. Nilimwambia awahi nyumbani.

Wakati wa baridi, mchana mmoja, mwanangu alinipigia yeye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejipanga.

"Maman, ile mpira niliiachaga."

"Uliacha lini?"

"Zamani kidogo. Tulicheza mechi mbili, tatu. Nilichoka. Sasa niko natumika, kazi ya kubeba ma-colis, vifurushi, mu dépôt. Niko na rafiki, iko fille muzuri, utamuona."

"Na vile nilikuwa nakuuliza? Kocha, na nini?"

"Ulikuwa unafurahi kuuliza," alisema.

Nilimwambia si kitu. Nilimuuliza huyo binti anaitwaje, anakula nini, wazazi wake wako wapi. Alipokata simu niliona nimeshika kitambaa cha meza kwa nguvu mpaka chumvi imemwagika. Hakuwa amenidanganya kwa ubaya. Alikuwa ananilisha tu, kama mimi ninavyowalisha wale wazee kazini, kijiko kwa kijiko, na maneno ya kuwapa moyo.

Msimu mpya ulipoanza nilikaa na swali la kwenda au kutokwenda. Nikaenda. Mzee wa Goma alikuwa peke yake kwenye benchi, kofia imeshuka masikioni. Aliponiona alihamisha mwavuli.

"Mama wa vingt-quatre! Mutoto anacheza namna gani kule Ujerumani kwa Ba-Allemands?"

Nilikuwa nimeandaa njiani jibu la kusema anaendelea vizuri. Likakataa kutoka. "Aliacha, papa. Anatumika. Hachezi tena."

Alitazama uwanja. Vijana walikuwa wanapasha mwili, pumzi zinawatoka kama moshi. Nilingoja aseme kwamba ni hasara, kwamba mtoto alikuwa na miguu. Hakusema.

"Bon," alisema. "Na wewe? Utaacha kukuya?"

"Sijue. Acha kwanza niangalie ya leo."

"Alors, angalia ule murefu wa kuume. Uniambie."

Nikaangalia. Alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu, miguu mirefu isiyojua inakokwenda. Mpokeaji alimpita mara ya kwanza, akampita tena. Upande wa pili wa uwanja, chini ya mwavuli wa bluu, mwanamke mmoja Mzungu, nywele nyekundu kama za kijana yule, alikuwa amesimama peke yake, mikono imefunga mdomo.

"Papa," nilisema, "yule mama pale. Unafikiri amekunywa chai?"

Nikachukua chupa na vikombe viwili, nikazunguka uwanja kwa miguu, nikipita nyuma ya goli ambako matope yalikuwa mengi.