Sauti Niliyoihangaikia

Nilikwenda kwa fundi redio wa Kilwa Masoko kwa nia moja tu, kuringa. Kwapani nilikuwa na kisanduku cha bati nilichokiunda mwenyewe nyumbani. Ukikikanyaga, sauti ya gitaa inakwaruza kama msumeno unaokata bati. Juu yake nilichora bibo na korosho yake, kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Nikaunganisha gitaa na spika ya fundi, nikakanyaga, nikapiga. Fundi akaweka chini kifaa chake cha kulehemu, akanitazama kama anayemtazama mfiwa.

“Pole,” akasema. “Hali hii imeanza lini?”

Nikamweleza kwamba hakijaharibika, ndivyo nilivyokitengeneza. Bibi mmoja wa Miteja, aliyefuata redio yake, alikuwa amejiziba sikio kwa pindo la kanga. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akamgeukia fundi.

“Si ndiyo sauti uliyoiondoa kwenye redio yangu? Ungeiweka umpe huyu, asihangaike.”

Fundi akainama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikaona nijitetee kwa uchoraji, nikamsogezea bibi kisanduku. Akakishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda, kisha akakigeuza kichwa chini.

“Mwanangu, korosho inaning’inia chini ya bibo. Wewe umeiweka juu kama kofia. Kwani kwenu wapi?”

Nimezaliwa Nyangamara, nikakulia ndani ya shamba la mikorosho la baba yangu. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwetu ni Dar es Salaam.