Mtori wa Mektrida na Mkanda wa Primus

Tangu video zilipoanza kupanda mlimani, Mektrida, mama yake Esther, aliuza mtori, ile supu nzito ya ndizi za kupondwa na nyama, sokoni Mwika, mlangoni pa banda la video la Primus. Sufuria yake haikurudi nyumbani na kitu, mpaka Primus alipoleta kutoka mjini mkanda mmoja wa ajabu. Humo bwana harusi anatapika kwenye bakuli, na mama mkwe, asiyejua hili wala lile, anachukua kijiko, anakula, anasifia mapishi.

Watu wazima na akili zao walikipenda kipande hicho kuliko filamu yote. Primus alikirudisha mara nne, mara tano, wao wakishika matumbo kwa kicheko. Kinara wao alikuwa Ronald, fundi baiskeli. Akitoka, huchungulia sufuria na kuziba pua.

"Mama Esther, leo bwana harusi katapikia kwako?"

Basi wenzake hutema mate na kupita. Siku tatu mfululizo mtori uliliwa na nguruwe. Mektrida aliumia, na si kwa hasara tu. Mtori huo huo ndio mama mkwe wake aliomnywesha ili maziwa yatoke alipojifungua Esther, ndipo akajifunza kuupika.

Siku ya nne aliingia bandani, akaketi benchi la mbele, akatazama kipande chote bila kupepesa.

"Hizo ni ndizi tu," alisema. "Tena hawakuziponda vizuri."

Banda zima lilicheka, lakini hakuna aliyenunua.

Wiki hiyo mke wa Ronald alijifungua. Asubuhi moja, soko halijachangamka, Ronald akaja na chupa ya chai mkononi, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mtoto analia tangu jana. Maziwa hayatoki. Na mama yangu, unajua, hayupo tena wa kumpikia mzazi."

Mektrida alitaka kumwuliza habari za bwana harusi. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Akayameza. Alichota mtori wa chini, ule mzito, akaijaza chupa.

"Anywe ukiwa moto. Na kesho uje mapema."

Jumapili, baada ya misa, banda lilijaa. Kipande kilipokaribia, Ronald aliinuka, akatoka, akamwomba Mektrida bakuli la mtori. Akanywa amesimama mlangoni, taratibu, mbele ya macho ya wote, mpaka akalimaliza.