Tangazo la siasa nililolipia lilimtoa mama kwa mwethya

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina stori ya kuchekesha. Hii ni yangu mwenyewe na chumvi sijaongeza.

Natoka Ekalakala, huku Machakos. Mimi hutengeneza poster na video za simu. Kampeni ilipoanza, mgombea mmoja wa MCA, yaani diwani wa ward, akanipa kazi: matangazo ya kulipia mtandaoni, yaonekane kwa watu wa ward yetu pekee.

Sasa, mama yangu alikuwa kwa mwethya. Kama huijui, ni akina mama kumi na wawili, leo wanachimba matuta kwako, kesho kwangu. Ukiugua wanakuja. Ukifiwa wanakuja.

Nilikuwa na picha yao wakiwa shambani kwetu, majembe juu, mama mbele anacheka. Nikaandika hapo: "Sisi akina mama wa Ekalakala tumeamua ni Mheshimiwa."

Hakuna aliyekuwa ameamua kitu. Nikajiambia ni picha tu, jameni. Nikalipia, ikapita, na huko mtandaoni hakuna mtu aliniuliza hata swali moja.

Kesho yake iko kwa kila simu. Mwenyekiti wao, Mama Kioko, akaingia kwetu bila hodi.

"Mama Mutua, umetuuza kwa wanasiasa bila hata kutuuliza?"

Mutua ni mimi. Mama alinitazama, akajua. Akamwambia, "Mnisamehe." Basi. Hakunitaja.

Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wewe ndio utabaki na hawa watu."

Na mimi, mjinga, nikanyamaza. Tangazo langu niliondoa mtandaoni, lakini picha ilikuwa tayari kwa watu wengine wa mgombea, wakaendelea kuilipia.

Mama akatolewa kwa mwethya. Mvua ilikuwa karibu, akaanza kuchimba matuta peke yake. Mimi niko Machakos town na kampeni. Jirani alimkuta ameanguka kwa mtaro, ameshakufa. Wangekuwa kumi na wawili, mtu angemwona akianguka.

Mazishi, hakuna hata mmoja wao alikuja. Nimekaa kwa hema, nafungua simu, namwona mama. Jembe juu, anacheka. Pembeni imeandikwa ni tangazo.

Najua wengine hapa mtasema mwanasiasa ako na haki ya kujitangaza. Sawa. Lakini akileta uongo sokoni, Mama Kioko atamjibu hapo hapo mbele ya watu. Hii ya simu inamfikia kila mtu akiwa peke yake, na hakuna wa kumjibu. Mimi nasema mitandao ikatae hizo pesa kabisa, na nasema hivyo nikiwa nimezilipa kwa mkono wangu.

Jumamosi mwethya iko kwa Mama Kioko. Mpaka leo wanaamini mama ndiye aliwauza. Jembe yake nimeiweka hapa mlangoni, nitaenda nayo niwaambie ni mimi.

Wakuu, kama kuna mtu amewahi kusimama mbele ya watu hivyo, aniambie. Mtu huanzia wapi?