Kipimo kilisema leza imekufa, kaka yangu akakiamini

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yametokea nyumbani kwetu Kyela na sina sababu ya kuyapamba. Aliyeumia ni kaka yangu, Ambakisye.

Alikuwa na karakana ndogo karibu na ziwa, upande wa Itungi, anatengeneza taa za sola za wavuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

Taa ikiingia maji, kwaheri. Gundi ilimchosha, akatafuta mashine ya leza ya kuchomelea plastiki. Mtumba, lakini nzima.

Iko hivi. Mwanga wa leza unapita kwenye kifuniko angavu bila kukiyeyusha, unafika kwenye boksi jeusi chini yake. Hapo ndipo joto linapozaliwa na plastiki mbili zinashikana.

Mwanga wenyewe jicho halioni kabisa. Na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, mnakijua tangu korona, kinasoma juu tu. Joto la ndani ya kiungo hakilipati.

Ndiyo maana kila asubuhi kaka aliweka kipima mwanga chini ya leza kimwambie ina wati ngapi. Alikiamini kuliko mimi mdogo wake, na kwa domo langu hili simlaumu.

Sasa, kwetu kuna kungu. Ni vidudu vya ziwani, wanainuka kama moshi, upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa hadi kwenye chai. Wengine mnakunja sura, sisi ni kitoweo.

Siku hiyo walifika asubuhi. Mama alikuwa nje anawakusanya na wenzake, furaha tupu, mimi nimemshikia beseni.

Ndani, kaka akawasha leza apime. Kipimo kikasoma chini sana, na order ya wavuvi inasubiri. Nikamsikia akisema, "Hii leza imekufa."

Hakuizima. Azime nini wakati imeshakufa? Akavua miwani ya kinga, akainama kutazama kama lenzi imeingia kungu.

Lenzi ilikuwa safi. Kungu walikuwa wameganda kwenye uso wa kipimo. Leza ilikuwa na nguvu zake zote.

Hakupiga kelele. Alitoka nje akipapasa mlango, akamwendea mama.

"Mama, nakuona kilemba. Uso siuoni."

Tulimpeleka Mbeya. Daktari akasema nyuma ya macho yote mawili, pale katikati, pameungua na hapatarudi. Anaona pembeni tu. Niliumia, wakuu, na bado naumia.

Juzi kungu walikuja tena. Zamani kaka ndiye aliyewaona wa kwanza kijiji kizima. Safari hii majirani walipita na mabeseni, mama akabaki ndani.

Kaka akaniuliza, "Wamefika?"

Nikamjibu bado. Wakati huo walikuwa wanamtembea mkononi. Akajipangusa taratibu.

Nilichojifunza: kipimo kikikuambia hatari haipo, kikague chenyewe kwanza, na miwani ibaki usoni.

Kama kuna mwenye ndugu aliyepoteza macho hivi kisha akarudi kwenye kazi ya mikono, aniambie alianzia wapi. Hata wa kunipa pole tu, karibuni.

Ila andikeni kwa upole. Majibu yote nitamsomea yeye.