Pengo Kwenye Mstari

Mchora chati wa idara ya afya alikuwa hoi tangu asubuhi, na kompyuta yake ilikuwa hoi kumzidi. Kazi yake ilikuwa kukusanya idadi ya wagonjwa wa kila zahanati, kuandika amri chache za programu, kisha kukiachia kitu ambacho watu wa programu wanakiita maktaba, ingawa hakina hata kitabu kimoja, kichore. Nguzo za kulinganisha zahanati, mstari wa kuonyesha mwendo wa miezi. Ofisini walimwita Bi Mistari, na alishachoka kununa.

Siku hiyo mstari mmoja ulimkata maini. Ulikuwa wa zahanati ya dada yake, muuguzi wa pekee kule pembezoni mwa mji. Ulishuka mpaka chini kabisa, ukalala hapo miezi mitatu, ndipo ukainuka.

"Hiyo ndiyo ya kufunga," alisema mkuu wa idara, kikombe mkononi. "Haina watu. Nichapie, kikao ni mchana huu."

Haina watu! Miezi ile homa ilikuwa imezagaa, na Bi Mistari alimkuta dada yake zaidi ya mara moja amesinzia kwenye benchi la wagonjwa, viatu miguuni. Ndiyo maana ripoti hazikuletwa. Na zamani, programu ilipokuwa ikimgomea kila ikikuta nafasi tupu, Bi Mistari aliiwekea amri: palipo tupu, jaza sifuri. Uvivu mtupu, jamani, na sasa uvivu huo ulitaka kumpokonya dada yake tonge mdomoni.

Akaifuta amri, akachora upya. Mstari ukapanda, ukakatika, ukaanza tena mbele.

"Hili pengo la nini?" mkuu aliuliza.

"Hatuna takwimu, mkuu. Watu walikuwepo. Wa kuwaandika alikuwa huyohuyo wa kuwatibu."

"Basi unganisha."

"Nikiunganisha nitakuwa nimetunga wagonjwa."

"Na ukiacha, wataniuliza kwa nini sikumpelekea msaidizi."

"Watauliza, ndiyo."

Mkuu alimkodolea macho. Siku nyingine Bi Mistari angetetemeka, lakini hata woga unataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Lete," mkuu akasema, akainyakua karatasi.

Alirudi jioni, tai imelegea. "Umeniponza, mama. Wameuliza, tena wote. Haifungwi."

"Na msaidizi?"

"Bajeti ikipatikana."

Bi Mistari hakungoja afike nyumbani. Alipiga simu palepale, mkoba begani, moyo ukimdunda kwa furaha. Iliita sana kabla dada yake hajapokea. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

"Dada, hawafungi! Kazi yako iko palepale!"

Bi Mistari akadhani mtandao umekatika.

"Dada? Umenisikia?"

"Nimekusikia, mdogo wangu. Asante." Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea amefumba macho. "Umehangaika. Ila mimi nilikuwa naomba wafunge. Nilale kidogo."

Bi Mistari akaushusha mkoba. Kule upande wa pili alimsikia dada yake akivuta pumzi, halafu akiita kwa sauti ya kazini:

"Anayefuata!"