Mchumba wa Mdogo Wangu na Mchezo wa Bunduki

Baba alipofariki, walii wa mdogo wangu wa kike, wa kumwozesha, nikawa mimi. Kwa hiyo alipoposwa na kijana mmoja, fundi wa kuchomelea mageti pale Kerege, niliona ni wajibu wangu kumchunguza. Nikatoka Mlingotini bila kumwarifu, nikafika kwake Ijumaa moja baada ya alasiri.

Kabla sijapiga hodi nilimsikia ndani akifoka, "Muue! Mmalizie, anakimbia huyo!"

Nikausukuma mlango. Alikuwa peke yake, kakaa kitandani, spika za masikioni zimemziba, anafyatua risasi kwenye simu. Aliponiona aliruka, akaizima.

"Shikamoo kaka. Gemu tu hii, nacheza na wenzangu."

"Marahaba." Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake wa kulia, uliofungwa bandeji. "Na huo?"

"Bati limenikata kazini."

Sikumwamini. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne ashangilie kuua, kisha awe na jeraha kama la kupiga mtu ngumi? Nikapitia karakana anakofanya kazi. Bosi wake akasema ni bati kweli, tena kijana huyo hata kugombana hajui. Niliondoka nimeridhika, mpaka nilipokumbuka kwamba bosi huyo ni mjomba wake.

Nyumbani kwa mama nilimkuta mdogo wangu uani, anakuna nazi.

"Amewahi kukuinulia mkono?"

"Hajawahi."

"Akishindwa kwenye hiyo gemu yake huwaje?"

"Hununa. Anakunywa maji, anaanza upya." Akaiweka nazi chini. "Kaka, timu yako ilipofungwa uliipasua redio ya mama ukutani. Wewe ulipotaka kuoa, nani alikuja kukuchunguza?"

Niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nikaondoka bila kuaga.

Niliwaozesha. Huu ni mwaka wa pili, na shemeji yangu bado anacheza. Mdogo wangu amenawiri, hajaleta shtaka lolote. Hata hivyo, kila akija kwangu na kuvua baibui, mimi huitazama mikono yake kabla sijaitikia salamu. Juzi alinifuma. Akapandisha mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akanigeuzia huku na huku nione vizuri. Akaingia jikoni kumsalimu mke wangu.