Nilipokwenda Kujifunza kwa Mbeba Magunia Wangu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, ingawa kichwa changu sasa ni mvi tupu. Ni siku niliyosimama mbele ya karakana ya useremala mjini Biharamulo, shati limepigwa pasi, nikimwomba Nestori anifundishe kazi.

Nikueleze kwanza Nestori alikuwa nani. Enzi za kambi za wakimbizi huku Ngara, mimi nilikuwa karani wa ghala la shirika moja. Nilikuwa na kitambulisho cha kuvaa shingoni, nami nilikivaa hata kanisani! Nestori, kijana wa Murusagamba niliyemzidi miaka sita hivi, alibeba magunia chini yangu. Siku zile zilikuwa tamu, sikufichi. Kijiji chetu cha Kasulo, jirani na kambi, kilichangamka, na mtu wa kazi ya kambini alisalimiwa na watu asiowajua. Mungu anisamehe, raha yetu ilitokana na taabu za wengine, lakini bado nazikumbuka.

Kambi zikafungwa. Nestori akaenda zake Biharamulo, mimi nikabaki Kasulo nikingoja shirika lirudi. Nilingoja miaka mitano. Mke wangu Paskazia alilima, akauza ndizi na maharage, huku mimi nikisikiliza redio na kusema kwamba karani hashiki jembe. Mwishowe aliniambia, wala hakupandisha sauti: "Baba Anitha, nimechoka. Nenda ukatafute kazi yoyote. Ukirudi mikono mitupu, mimi nitakuwa kwa wazazi wangu."

Ndipo nikaenda kwa Nestori, maana nilisikia amekuwa fundi.

"Shikamoo, karani," alinisalimu kama zamani.

Nami, bila haya, nikaitikia marahaba, kisha ndipo nikaomba. Hakunicheka. Alinipa ufagio.

Nilifagia maranda, nikashika mbao wengine wakikata, nikajifunza kupiga randa. Hata leo nikisikia harufu ya mninga uliokatwa sasa hivi, moyo unanirudisha kwenye karakana ile. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuuliza. Akipita mtu wa kwetu, nilijificha nyuma ya mbao. Na kumuuliza Nestori kitu mbele ya vijana wadogo, heri nife.

Basi mfanyabiashara mmoja wa mjini aliagiza mlango, aupate kabla ya Idi. Nestori aliniambia nikate mbao za kulala, zile zinazokatiza mlango kwa upana. Nilipima upana wa katikati tu, nikakata zote. Sikujua kwamba lazima uache urefu wa kuingia kwenye matundu ya mbao za pembeni. Mninga wa watu ukaharibika. Nikaketi chini, nikamwona akilini mwangu Paskazia akifunga mizigo aende kwao.

Nestori aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Kaka, kule ghalani nilikuuliza mara ngapi gunia liende wapi?"

Nikaanza kuokota vipande vilivyobaki.

"Kila gunia nilikuuliza. Ulinifokea, ukaniita bwege. Lakini hakuna gunia langu lililopotea."

Niliona aibu, mwanangu, hadi machozi yakanitoka mbele ya wale vijana. Nikajua nimefukuzwa. Asubuhi nikaja kuchukua koti langu, nikamkuta ameweka ubao mpya mezani. "Pima," akasema. "Na uniulize." Nilimuuliza siku ile mpaka akaomba nimwache anywe chai.

Mwaka uliofuata Paskazia alipanda basi kuja kuhakikisha kama kweli nafanya kazi. Alifika wakati mteja anamtafuta fundi wa milango, na Nestori akaninyooshea kidole mimi. Mke wangu aligeuka upande, akajifuta macho kwa kitenge.

Sasa wewe una cheti chako, na miaka minne hujaitwa popote. Sikukatazi kutuma barua za maombi, tuma. Ila asubuhi ikukute kwa fundi. Mtu aliyekaa sana bila kazi hakosi ujuzi tu. Anasahau kuamka kwa sababu kuna mtu anamngoja, na anaogopa kuonekana akikosea. Hayo hayaponi kwa kukaa ndani ukifikiri, yanapona ukisimama kila siku kando ya mtu anayejua kazi. Usiseme umri umepita. Kubaliana na fundi mapema utajifunza nini na kwa muda gani, na miezi ikipita hujapewa chombo mkononi zaidi ya ufagio, muage kwa heshima utafute fundi mwingine. Na fundi yeyote anayenisikia, asimkatae mtu mzima. Anajua vizuri kuliko kijana amekuja kutafuta nini.

Nenda, mwanangu, na mikono yangu iko juu ya kichwa chako. Mungu akupe fundi mwenye subira, akuondolee haya ya kuuliza. Na ukiharibu ubao wako wa kwanza, maana utauharibu, akujalie uwe mbele ya mtu atakayekupa wa pili.